Salehe Aizuia Treni

Usiku ule nililala na hasira, maana mke wangu alikuwa ameniambia kamera imenitia kiburi. Usingizi ulinichukua nikiwa bado nabishana naye kimoyomoyo, na mara nikajikuta stesheni, jua la saa sita likichoma, pale reli yetu inapogawanyika katikati ya mashamba ya mkonge. Treni ya abiria ilikuwa inakuja. Nikainua kamera kama nilivyozoea.

Ndani ya kamera namwona Salehe. Salehe rafiki yangu, mfanyakazi wa stesheni, aliyekufa miezi mitatu iliyopita. Ameshika ile pete kubwa ya chuma yenye ruhusa ya njia, ambayo dereva huidaka kutoka dirishani treni ikiwa inatembea. Bila pete hiyo treni haiendi mbele. Alikufa akimnyooshea dereva pete hiyo, treni ikampitia. Watu walisema alikuwa amelewa, nami niliyekuwa pale na kamera yangu nikaitikia kwa kichwa.

Sikufurahi kumwona. Nilikasirika, hata nikataka kumfukuza.

"Sogea kidogo," ananiambia.

Ni maneno yangu mwenyewe. Siku ile mimi ndiye niliyemwambia asogee kidogo karibu na reli, picha itoke nzuri, naye akasogea kwa kuwa alinipenda.

Treni imefika, imesimama. Salehe ameibana pete kwapani, haitoi ng'o. Abiria wanatoa vichwa madirishani, wananitukana mimi, si yeye. Mmoja anatema mate, yanatua kwenye kiatu changu.

"Haiendi mpaka useme," anasema Salehe.

Nami, Mungu anisamehe, hata ndotoni nikapaza sauti: "Alikuwa amelewa!"

Kelele zikakatika. Sasa tuko nyumbani kwake, na wale abiria wote wamekaa mkekani kama watu wa msibani, wananitazama kwa chuki. Salehe anakuja, ananivisha pete shingoni. Ni nzito, ya baridi, inanibana koo. Usoni mwake hamna hata chembe ya urafiki.

"Pombe sikuijua," anasema. "Mke wangu wanamwita mjane wa mlevi. Kaseme pale pale stesheni, watu wakingoja treni. Na usidhani nimekusamehe."

Niliamka nimejishika shingo, kumeshapambazuka. Mke wangu akaniuliza nimeota nini, nikamweleza yote, na lile la siku ile pia, ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Hakunipa pole. Alisema treni ya leo inafika saa nne, na mjane wa Salehe huwa pale na sinia lake la mayai ya kuchemsha.

Nikamwomba tufuatane.

"Ulimsogeza peke yako," akasema. "Nenda peke yako."