Zuhura wa Dar na Kapu Langu la Karatasi

Nisikufiche, msomaji, mimi ndiye niliyeandika barua ya kumshtaki Zuhura. Yeye alikuwa Dar akinisomea telegramu kwa simu, nami nikizipokea posta ya Bagamoyo. Hata ya maneno kumi ilikula robo saa. Nikataka kujua, huyu anasoma au anasinzia?

Postamasta akaja na saa yake, akatega sikio simuni pamoja nami. Neno la kwanza likaja upesi. Nikaliandika kwenye kipande cha karatasi, nikalinakili kwenye fomu, kisha nikakichanachana kile kipande na kukitupa kapuni, maana siri za watu ni amana. Simu ikawa kimya.

"Unaona, mzee?" nikanong'ona.

Ndipo Zuhura akauliza kwa adabu, "Kaka, umeshamaliza kuchana, nikusomee la pili?"