Kopo Lisilo na Gundi

Kila asubuhi, kabla hajagusa karatasi, fundi wa kujalidi vitabu hufungua kopo la gundi lisilo na gundi. Huipa meza mgongo, hutoa kidonge kimoja, hukimeza kwa funda la maji, kisha hulirudisha kopo nyuma ya mengine. Chumba chake kiko chini ya ngazi za maktaba. Kina dirisha moja, mashine ya kukatia karatasi, na harufu iliyomwingia hadi kwenye makoti. Jina lake halisi wengi wamelisahau, wanamwita Gundi.

Siku moja mpiga chapa wa chumba cha pili alimkuta akipangusa midomo.

"Jamani, kumbe huyu anakunywa gundi! Ndiyo maana ndoa yake haibanduki, miaka ishirini na sita!"

Gundi alicheka naye. Kisha akalisukuma kopo nyuma zaidi.

Kazini hana mchezo. Mwanafunzi akimletea tasnifu sura moja moja, humrudisha mlangoni: "Kisichoshonwa si kitabu, ni makaratasi. Niletee yote kwa pamoja." Lakini yeye mwenyewe alikuwa na madaftari matatu ya matibabu, na hakuna lililowahi kumwona mwenzake. Mwaka juzi, malengelenge ya mkanda wa jeshi yalipomzunguka kiunoni, alitibiwa zahanati ya jirani. Utando mweupe ulipomjaa mdomoni, alinunua daftari jipya akaenda upande mwingine wa mji. Kikohozi kilipogoma kuisha, daftari la tatu, hospitali nyingine kabisa. Kila daktari aliona ugonjwa mmoja, akatibu ugonjwa mmoja. Ndivyo alivyotaka. Shaka alikuwa nayo, ila hakutaka mtu aisome.

Muuguzi wa kifua kikuu, msichana wa umri wa bintiye, ndiye aliyemshauri apime damu. Majibu yalipotoka alimuuliza kilichowahi kumsumbua huko nyuma, na kwa mara ya kwanza Gundi akasema yote matatu kwa pumzi moja.

"Basi, baba, hayo si magonjwa matatu yaliyokuja kila moja na njia yake," muuguzi alisema. "Virusi vya Ukimwi huwamaliza askari wa mwili kimyakimya, miaka na miaka. Lango likikosa mlinzi, kila mpita njia anaingia. Kifua tutakitibu kipone. Virusi tutavidhibiti kwa kidonge cha kila siku. Mama yuko wapi? Naye apimwe, mapema."

"Amesafiri."

Hakuwa amesafiri. Saa ile mkewe alikuwa nyumbani, akimchemshia maji ya kuoga.

Huo ulikuwa mwezi wa tatu. Dawa za kifua hazikufichika, kwa hiyo alimwambia mkewe habari za kifua, akalaumu vumbi la karatasi. Hilo jingine alirudi nalo kila jioni likiwa kwenye ncha ya ulimi, na kila jioni alilimeza. Alijua virusi vile vilipitia mlango gani kuingia nyumbani kwake, na aliyeufungua si mkewe.

Ukaja mwezi wa tisa.

"Baba Watoto, hebu niangalie hapa," mkewe alimwambia siku moja baada ya chakula, akinyanyua blauzi. "Panawaka kama pamepakwa pilipili."

Malengelenge yalikuwa yamejipanga chini ya ubavu, yakielekea mgongoni. Gundi aliyatambua kama fundi anavyotambua mshono wa mkono wake mwenyewe.

"Labda ni mdudu," alisema.

"Mdudu gani huyu anayetembea kwa rula?" Mkewe alicheka, kisha akakunja uso kwa maumivu. "Keshokutwa nitakwenda zahanati. Kesho ukitoka kazini niletee daftari."

Kesho yake Gundi hakuwasha hata mashine ya kukatia. Aliyapanga madaftari yake kwa tarehe, akayatoboa, akayashona kwa uzi wa nta. Mshono ulikwenda upande. Akaufumua, akaanza upya. Akaweka jalada gumu, lisilo na maandishi. Alasiri alirudi nyumbani, akamkabidhi mkewe.

"Hili si jipya," mkewe alisema.

"Ni langu. Nenda nalo, ukamwonyeshe muuguzi. Lakini kwanza lisome."

Mkewe alivaa miwani. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari: mkanda wa jeshi, mdomo, kifua. Kwenye ukurasa wa mwezi wa tatu kidole kilisimama. Njia nzima Gundi alikuwa ameandaa maneno ya kuombea radhi.

Mkewe hakuuliza nani, wala wapi. Alifunga jalada, akalilaza mapajani.

"Jana, niliponyanyua blauzi ukaniambia ni mdudu, ulikuwa unajua?"

Gundi alitazama kucha zake, zilizoganda gundi.

"Nilikuwa najua," alisema.