Saa Kumi ya Ganze

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya takwimu Malindi, Mkuu wa Takwimu alinionyesha programu mbili kwenye kompyuta. Moja ilikuwa ya kukokotoa: unaiandikia amri, nayo inakupa majibu. Nyingine ilikuwa ya kuchora chati na ramani. Kazi yangu ilikuwa kuhamisha data kutoka ile hadi hii. Nikadhani ni kama kuhamisha viti.

Vijana, jambo moja mlijue: namba huvuka, lebo hubaki. Lebo ni maneno yanayoambatanishwa na safu ya namba kueleza maana yake. Faili likienda programu nyingine, mara nyingi maneno hayo hayafiki.

Nililiona hilo nilipohamishiwa Kilifi. Tulikuwa tumewauliza kina mama wa Ganze hutoka saa ngapi kwenda kuteka maji, na kamati ya maji iliahidi bomba lianzie kwa wanaotembea gizani. Mdogo wangu Sidi, aliyeolewa huko, alikuwa mmoja wao. Nilipomaliza kuhamisha, ramani ya Ganze ilitokea manjano, rangi tuliyoiweka kwa mchana.

"Imependeza, Bi Kadzo," akasema Mkurugenzi wetu wa Kilifi. "Kesho naipeleka kwa kamati."

"Haijakaa sawa, Bwana Mkurugenzi. Yasema wanatoka saa nne asubuhi. Saa hiyo Sidi amesharudi, yuko shamba."

"Sasa hiyo saa nne imetoka wapi?"

"Walijibu saa kumi, yaani alfajiri. Lebo ilieleza, lakini haikuvuka. Programu hii yahesabu kuanzia usiku wa manane. Kumi yake ni saa nne yetu."

Hakupenda kurudia kazi. Lakini akavuta kiti. "Hata kwetu bara tunahesabu kama hao kina mama. Turudie."

Tukarudi kwenye programu ya kwanza, tukageuza saa zote, tukaandika neno alfajiri ndani ya safu yenyewe, ndipo tukahamisha upya. Ganze ikawa bluu iliyokolea, rangi ya giza. Kamati haikubishana sana. Bomba lilichelewa hadi tukachoka kuulizia, lakini lilifika.

Sasa nimestaafu. Nasikia programu za siku hizi zinabeba lebo zenyewe, nami nafurahi. Kuamka mapema tu ndiko hakujaniacha. Juzi, saa kumi alfajiri, nilimpigia Sidi, kwa kuwa zamani saa hiyo nilimpata njiani na ndoo yake. Simu ililia sana kabla hajaipokea.

"Shikamoo dada. Kwani kuna msiba? Saa hizi watu wamelala."