Mchele wa Ambokile Kwenye Sahani Zangu

Aibu hii naisema mwenyewe, maana nikinyamaza Mama Lusajo ataisimulia kwa chumvi, na kijiji chetu chote cha Bujonde kimeshacheka. Shule niliacha darasa la pili, lakini mpunga naujua, na tangu nioe nilikuwa sijawahi kununua mchele. Mgeni akija nilimwambia, "Kula, wa kwangu huu, sikununua." Miaka yote yalikuwa hayo hayo.

Sasa jirani yangu Ambokile (mume wa huyo Mama Lusajo, na kulima nilimfundisha mimi) akaleta makochi kutoka Mbeya. Usingizi ulinikataa. Nikauza mpunga wote, hata wa kula, nikaleta makubwa kuliko yake, na wiki haijaisha binti yangu Tumpe ananiambia wazazi wa mchumba wake wanakuja Jumamosi. Ghala tupu!

Ambokile alikuwa nao, tena unanukia mpaka uani kwangu, na ndicho kilichonikera. Mimi ninunue kwa yule? Nikapanda baiskeli mpaka Ipyana wasikonijua, nikanunua nusu gunia la mchele dukani, nikarudi nalo nimelifunika majani ya migomba.

Jumamosi wageni wakakaa kwenye makochi (nailoni sijaitoa, wanateleza tu), wanawake wa jirani wakaja kusaidia kupika kama kawaida yetu. Mkwe, baba wa kijana, akaonja, akafumba macho.

"Ndaga, asante sana, baba! Mchele gani huu?"

Ningeitikia tu asante, yangeishia hapo. Lakini mdomo ulishazoea, ukatamka wenyewe: "Kula, wa kwangu huu, sikununua."

Mama Lusajo alikuwa mlangoni na bakuli la samaki.

"Heee, Baba Tumpe! Wako? Mbona gunia jikoni lina kiraka cha gauni langu? Nimelishona mimi, mume wangu akalipeleka Ipyana kuuza!"

Tumpe akainamisha kichwa. Mimi nikatazama dari. Mkwe akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Basi mwiteni huyo mume, tumshukuru." Ambokile akaja, akakaa katikati ya kochi langu jipya, akala mchele wake nyumbani kwangu huku anasifiwa.

Tumpe kaolewa, namshukuru Mungu, ila mkwe akitaka mchele anapita mlango wangu anaingia kwa Ambokile. Mimi pia nikiishiwa naenda kwake, mchana kweupe, na yale maneno ya "sikununua" nimeyaacha kabisa. Lakini mkisikia ameleta kitu kingine kutoka Mbeya, nawaomba, nifungieni ndani.