Simu Kuukuu ya Mama Vifungo

Asubuhi ile Kufuli alipita mapokezi bila hata kumsalimia mlinzi, na hiyo si kawaida yake. Kichwani alikuwa na jambo moja tu. Jana, dakika chache kabla ya kutoka, alikuwa ameona tundu ndani ya programu ya zahanati, ile ambayo wagonjwa wangesomea majibu ya vipimo vyao kwenye simu badala ya kwenda kupanga foleni. Kwenye simu za zamani, programu hiyo ilikuwa ikiyaacha majibu ya mgonjwa mahali pa wazi kabisa, hata mchezo wa karata ulioko kwenye simu hiyohiyo ungeweza kuyachungulia na kumpelekea mtu asiyehusika. Alipaswa kurekodi ushahidi palepale. Akajisemea atarekodi kesho, basi akafunga mkoba na kwenda zake.

Kazi yake ndiyo hiyo, kuvunja programu za watu kabla wezi hawajazivunja. Mama yake huwaambia majirani kwamba binti yake ameajiriwa kuiba na mwisho wa mwezi anapokea mshahara kama kawaida. Wenzake ofisini ndio waliompa jina la Kufuli. Na simu anazozivunja hazishikiki. Ziko kwenye jukwaa la mtandaoni, simu za kuigiza, hazina kioo wala betri, ila akili ya simu halisi imo yote humo. Unachagua toleo jipya au kongwe, unaiharibu utakavyo, kisha unaihifadhi ilivyo mpaka utakapoihitaji. Ile ya jana, kongwe kuliko zote, alikuwa ameihifadhi kwa jina la Bibi.

Akawasha kompyuta. Ukurasa mzima ukajaa rangi ya chungwa na neno moja kubwa: "Tumekuboreshea!"

Bibi hayupo. Vitufe vimehamishwa, alama zinachezacheza, na matoleo yote ya zamani yameondolewa, pamoja na kila kilichohifadhiwa humo, eti ili kumpa mteja wepesi zaidi. Jamani, nani aliwaomba wepesi? Kufuli akabonyeza huku, akabonyeza kule. Kila alipobonyeza, kisanduku kilijitokeza kumuuliza kama anaufurahia mwonekano mpya, nacho kilikuwa na majibu mawili tu ya kuchagua, "ndiyo" na "sana".

Aliwaandikia wenye jukwaa. Jibu la kwanza lilitoka kwa mashine, likimshauri azime na kuwasha. La pili lilitoka kwa binadamu, na afadhali lisingekuja. "Ndugu mteja," liliandika, "taarifa ya mabadiliko haya ilitumwa mwezi uliopita." Kweli ilitumwa, kwa mkuu wake wa kitengo, mtu anayefungua barua pepe kama anavyofunua sufuria ya moto, kwa tahadhari na mara chache.

Kufuli akaijaribu programu kwenye simu mpya za kuigiza, hasira ikiwa imemkaba. Huko ilitulia tuli. Toleo jipya la simu lilikuwa linaziba lenyewe, hakuna kilichovuja. Mkuu akaja akasimama nyuma yake na kikombe cha chai mkononi.

"Si unaona mwenyewe? Iko salama."

"Kwenye simu mpya, mkuu. Wagonjwa wa zahanati ile wana simu mpya wapi?"

"Basi nionyeshe kwenye ya zamani."

"Wameifuta."

"Kufuli, utaratibu wa hapa unaujua. Usichoweza kuonyesha, usiandike. Nani alituletea utaratibu huo?"

Aliuleta yeye mwenyewe, siku aliyochoka na wenzake waliokuwa wakileta tetesi mezani. Mkuu akamkumbusha kwamba programu inatoka leo saa kumi, akaondoka na chai yake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Kufuli zaidi, maana hata wa kumchukia hakumpata.

Akazunguka ofisi nzima kutafuta simu kongwe ya kushikika. Aliambulia patupu. Watu wa ofisi ile hubadilisha simu kama soksi. Ndipo alipomkumbuka mama yake. Simu ya mama ilikuwa ya Kufuli zamani, na kila Jumapili waligombana juu yake, binti akimtaka mama akubali kuisasisha, mama akikataa katakata. "Vitu vyangu viko mahali pake," mama husema. "Nyie mkipita, kila kitu kinahama." Leo Kufuli aliubariki ubishi ule. Akatoka mbio.

Mama yake anashona kwenye chumba kimoja cha barabarani pamoja na jirani yake, Mama Vifungo, ambaye kazi yake ni vifungo na matundu yake, kwa sababu magoti yamemkatalia kukanyaga cherehani. Kufuli akawaamkia wote wawili. Kabla hajaomba kitu, mama akaiinua simu juu, uso umemng'aa.

"Leo huna cha kunigombeza. Nimeamkia kwa fundi wa simu pale kona. Kaisasisha yote."

Kufuli akakaa chini, juu ya marobota ya vitambaa.

"Jumapili uliniambia nikiibiwa nisikulilie," mama akaendelea, taratibu sasa. "Maneno yale yaliniuma, mwanangu. Usingizi sikuupata."

"Umefanya vizuri, mama."

"Mbona umenuna, basi?"

Ikabidi aeleze. Alieleza kwa uchungu, kwa sababu miaka yote hii mama hakumsikiliza, na siku aliyomsikiliza ndiyo hii. Mama Vifungo, pini zikiwa midomoni, akaanza kucheka mabega yakitikisika. Akazitoa pini moja moja.

"Kwa hiyo leo inatafutwa simu mbovu?"

"Ndiyo, mama mdogo. Kama hiyo yako."

"Hii uliyoniambia nikaitupe?"

"Hiyohiyo."

"Leo asubuhi mimi na mama yako tumeongozana kwa fundi," akasema akiitoa kifuani, imefungwa kwa mpira isiachane. "Yangu kaigeuza mara mbili akanirudishia. Kasema haipokei tena kitu kipya, imefika mwisho. Sasa hiyo programu, ndiyo ile ya kutupumzisha na kilima cha zahanati?"

"Ndiyo yenyewe."

"Chukua. Magoti yangu yanaisubiri kuliko hao walioitengeneza."

Ofisini, Kufuli aliiweka programu kwenye simu ile, akatunga mgonjwa wa uongo mwenye majibu ya uongo, kisha akafungua mchezo wa karata aliouandaa. Majibu yakatokea juu ya karata, jina na ugonjwa, wazi kabisa. Mkuu akaomba aone tena. Akaona tena, akaweka kikombe chini na kupiga simu kwa walioitengeneza. Kufuli akahisi mzigo wa siku nzima umemshuka.

Walijibu kabla ya saa kumi. Hakuna haja ya kuchelewesha, walisema, dawa imepatikana. Programu itatoka leoleo, ila itakataa kufunguka kwenye simu yoyote ya toleo la zamani.

"Umefanya kazi nzuri," mkuu akamwambia.

"Hawajaziba kitu, mkuu. Wamewafungia nje wenye simu."

"Lakini hakuna atakayeibiwa. Si ndicho ulichokuwa unakipigania?"

Alibisha mpaka sauti ikamkauka. Aliruhusiwa kuongeza sentensi moja mwishoni mwa ripoti, mahali ambapo hakuna anayesoma. Kisha akaiweka programu iliyorekebishwa kwenye simu ile, akajaribu upya kila kitu, na kwa utaratibu wake mwenyewe hakuwa na tundu la kuonyesha. Akatia sahihi. Alijiona mjinga.

Jioni alimkuta Mama Vifungo akikunja vitambaa. Mama yake alikuwa ametangulia nyumbani. Kufuli akamrudishia simu kwa mikono miwili, na ndipo alipokumbuka kwamba programu hakuitoa. Mama Vifungo alikuwa ameshaibonyeza. Kioo kikawa cheupe, maneno yakatokea.

"Imekusaidia?"

"Imesaidia sana, mama mdogo. Bila simu yako wangeitoa ikiwa inaanika siri za watu."

"Haya, nisomee hapa, sina miwani. Wananiambia nini?"

Kufuli alifikiria kudanganya. Akasoma. "Simu yako haiwezi kutumia huduma hii. Tafadhali boresha simu yako."

Mama Vifungo akaitazama simu, akaivalisha mpira wake na kuirudisha kifuani.

"Kwa hiyo nimewapa simu yangu, ndiyo wakajua kunikataa."

"Ndiyo, mama mdogo."

"Majibu yangu ya sukari yanatoka kesho," akasema, akishika meza ili ainuke. "Uje unishike mkono. Kile kilima hawajakiboresha."

Kufuli akasema atakuja mapema, kabla ya kazi.