Siku Pikapu ya Baba Ilipoimba Mpaka Nakonde

Sisi tuliokulia Tunduma enzi za foleni ya sukari, sabuni ya magadi na kaptula zenye viraka nyuma, muziki hatukuuwasha kwa kidole. Muziki uliandaliwa kama harusi.

Baba alikuwa na pikapu ya kubebea mahindi kutoka Msangano. Juu ya paa alifunga vipaza sauti viwili vyenye midomo ya tarumbeta, na chini ya kiti akaweka amplifaya ya kutumia betri ya gari, volti kumi na mbili. Ilipopita na matangazo ya mkutano tuliikimbilia nyuma, tunameza vumbi pamoja na mahindi ya kuchoma, mama zetu wakituita bila mafanikio.

Mama alifundisha kwaya ya kanisani, na mimi, Neema, nikiwa darasa la tano, ndiye niliyeanzisha nyimbo. Kila baada ya mavuno kwaya zilishindana uwanjani. Mwaka mmoja, tulipofika ubeti wa pili, vipaza sauti vikaanza kukoroma, maneno yakakatika, sauti yangu ikatoka kama ya chura kwenye debe. Wageni kutoka Ibaba walicheka mpaka wakakaa chini. Shuleni nikaitwa Chura hadi msimu wa kupanda. Mashindano yalipokaribia tena, nikamwambia Mama siimbi.

"Utaimba," alisema. "Koo lako halina ugonjwa. Ugonjwa uko kwenye gari."

Baba aliamini amplifaya imezeeka. Aliifungua, akaifuta vumbi, akaifunga, ikakoroma vilevile. Jioni moja tukiwa kwenye mazoezi uani, giza likianza kuingia, akatuwashia taa za gari. Ghafla Mama akainua mkono, kwaya ikanyamaza.

"Baba Neema, hebu tazama taa. Ngoma ikipigwa kwa nguvu, zinasinzia."

Baba akaleta mita yake ya kupimia umeme, tukaimba tena. Kwenye betri sindano ilishuka kidogo. Kwenye amplifaya ilianguka mpaka tisa. Akaufuata waya kwa vidole chini ya zulia: waya mwembamba wa taa ya nyuma, na ulikuwa wa moto.

"Kumbe volti zinaishia njiani," akasema. "Tunaidai sauti, chakula hatuifikishii."

Mjomba akashauri tuunganishe betri mbili, volti zifike ishirini na nne. Baba akakataa. "Hapo tutaiunguza. Iletewe zake, zote, inatosha."

Waya mnene haukuwepo duka lolote. Shangazi, dada yake Baba aliyeolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ndiye aliyeuleta: kipande cha waya wa kuchomelea vyuma kutoka karakana ya mumewe, kikiwa kimeviringishwa ndani ya kitenge kichwani kama mzigo wa mboga. Baba akaufunga moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi, kisha akakwangua kutu pale waya wa pili, wa kurudishia umeme, ulipogusa bodi.

Siku ya mashindano aliegesha pikapu pembeni mwa uwanja na kuiacha injini inaunguruma, maana dainamo ikizunguka betri haichoki, na sindano ilipanda kupita kumi na tatu. Niliwaona wale wa Ibaba wakikonyezana. Mama akaniambia kimyakimya, "Anza."

Nikaanza. Sauti yangu ilitoka safi, kubwa kuliko mimi. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukaja, ngoma zikapigwa kwa nguvu zote, nikafumba macho kusubiri mkoromo. Haukuja. Nilipoyafumbua, Baba alikuwa amesimama juu ya bodi la pikapu, mita mkononi, anacheza. Wa Ibaba wakainuka, safari hii wakipiga makofi, na kiongozi wao akaja kunishika mkono. Kabla hatujamaliza kushangilia, Shangazi akatokea na mwiko mkononi.

"Nimekusikia nikiwa jikoni kwangu, mukwai," alisema akihema, na neno lile la heshima la kwao Nakonde halikumtoka mdomoni. "Mboga nimeiacha motoni."

Tulirudi nyumbani na zawadi ya washindi, beberu na katoni ya sabuni, na miaka ile sabuni ndiyo iliyopokelewa kwa vigelegele zaidi. Jina la Chura likafa hapohapo.

Juzi mpwa wangu Elia alikuja akilalamika kwamba muziki wa gari lake unakwama kila besi ikipiga. Alishaazimia kununua amplifaya kubwa zaidi; vijana wa leo tiba yao ni kuongeza. Nikamwambia aangalie unene wa waya na chaji ya dainamo kwanza. Akaona mimi shangazi yake nazeeka vibaya, lakini alikwenda, akabadilisha waya, na sasa akipita vikombe vyangu vinatetemeka kabatini.

Nafurahi kwa ajili yake. Ila hupita amefunga vioo, anasikiliza peke yake, nami huku barazani napata mtikisiko tu, wala sijui ni wimbo gani. Enzi zetu gari likiimba Tunduma, hata aliyekuwa shambani aliitikia kiitikio.