Moshi wa Nyumba Tupu

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, kila kitu kiliuzwa, hata kambi yetu ya mkonge nje ya Hedaru. Kamba za nailoni zilikuwa zimeshatumaliza, na wakataji wengi walikuwa wameondoka. Wapare walipanda milimani kwao, Suji na Myamba, wakarudia mashamba ya baba zao. Sisi Wangoni tungepanda wapi? Baba alitoka Songea kijana, akazeekea mkongeni.

Tukasikia kwamba mnunuzi anakuja kuiona kambi. Akikuta watu, ataziacha nyumba. Akikuta tupu, atazibomoa zote achukue mabati na matofali. Tuliobaki tulikuwa familia chache mno. Basi asubuhi hiyo mimi na mama, mwanangu mgongoni, tuliingia nyumba moja baada ya nyingine, tukawasha moto kwenye mafiga ya watu waliokwisha kuondoka. Mama alisema nyumba inayofuka moshi ina mwenyewe. Kuni zetu zote zikaishia humo.

Baba alikuwa mnyapara zamani, kwa hiyo yeye ndiye aliyemtembeza mgeni. Nilifuata nyuma na ndoo ya maji ya kunywa. Sijapata kumsikia baba yangu akidanganya vizuri namna ile.

"Hapa Wabena, wameenda kisimani. Pale Wamakonde, hao mchana hawakai ndani. Mstari ule ni wa Waha. Mama wa nyumba ya pembeni amezalisha kambi nzima, na hajamuuliza mtu kabila."

Yote yalikuwa kweli, ila ya zamani. Mnunuzi alitazama moshi, akaitikia kwa kichwa. Nikaanza kuamini kwamba tutabaki.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mhehe, mtani wa baba. Miaka nenda miaka rudi, baba akipita pale alfajiri kwenda kukata mkonge, alipaza sauti: "Mhehe! Mbwa wa jirani umemsaza?" Na kutoka ndani: "Njoo umalizie mkia, Mngoni!" Kambi iliamkia matusi yale. Mhehe alikufa masika yaliyotangulia. Msibani baba alitimiza kazi ya mtani: alivaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake, watu wakacheka huku wanalia. Yeye mwenyewe hakulia.

Sasa moshi ulikuwa ukitoka dirishani. Sijui kama alitaka kumridhisha mgeni au mazoea yalimzidi nguvu.

"Mhehe!" aliita. "Mbwa wa jirani umemsaza?"

Akasimama akingoja jibu. Mgeni naye akangoja. Kisha baba akaegemea mlango, akalia kwa sauti kubwa.

"Mzee, kuna nini?"

"Amekufa, bwana. Na hao wengine wote hawapo."

Mnunuzi hakugomba, afadhali angegomba. Alisukuma milango miwili mitatu, akaona moto na mafiga, akarudi kwenye gari lake. Nilimkasirikia baba, nisifiche. Mtoto wangu ningemlaza wapi?

Mama alipita nyumba kwa nyumba akizivuta kuni, akizizima mchangani, maana jioni tungepikia nini? Alipofika ile ya mwisho, baba alikuwa bado amekaa kizingitini.

"Huo moto wa Mhehe uache," alimwambia mama. "Uzimike wenyewe."